Mzee Ratili Apima Bima Sakafuni

Habari hii hakuna atakayeiamini, na asiyeiamini amesamehewa tangu sasa. Ila kabla ya kubisha, aende kwanza akaiulize sakafu ya sebule ya Mzee Ratili, maana katika mashahidi wote wa siku ile, sakafu ndiyo peke yake isiyo na undugu wala biashara na mtu.

Ratili, kile kipimo cha uzito cha zamani, ni jina la kubandikwa, la sokoni. Kwa miaka thelathini na moja mzee huyu alikuwa mkaguzi wa mizani. Ndiye yule mtu anayeingia dukani bila kununua hata kiberiti, anaweka mawe yake ya shaba juu ya mizani ya mwenye duka, anainama, anakodoa jicho moja, na mwenye duka anaanza kutoka jasho mpaka kwenye nyusi. Aliwakamata wauza nyama wenye kidole kizito. Aliwakamata wauza sukari waliogandisha nta chini ya kitanga. Yasemekana, na anayesema ni huyu huyu anayeandika, kwamba akikatiza sokoni hata matikiti yalibana pumzi.

Mkewe ni dada wa damu wa mwandishi, kwa hiyo akili hakuipata mbali. Alifundisha chekechea hadi siku ya mwisho ya kazi, na kwa kuwa miaka yote alizungumza na watu wa miaka minne, hajaona sababu ya kubadili mtindo. Hata fundi bomba akimaliza kazi, humpigia makofi matatu na kumwambia, "Vizuri saaana! Sasa tunanawa mikono."

Wakastaafu, mke kwanza, mume baadaye. Serikali ikawaachia bima ya wastaafu, ambayo ni nzuri kama mwavuli wenye tundu: katika kila mia ya gharama za hospitali inalipa themanini, ishirini zinazobaki unalowa mwenyewe. Ndiyo maana watu hukata bima ya nyongeza, kuziba tundu. Kampuni waliyoiendea ilikuwa na mipango miwili, mmoja kwenye karatasi ya kijani, mwingine ya bluu. Kijani, ada yake elfu kumi kwa mwezi kwa mume na mke pamoja. Ila ukiumwa, laki tano za mwanzo za kila mwaka zinatoka mfukoni mwako kabla wao hawajatoa hata senti. Bluu, ada yake elfu thelathini kwa mwezi, na wanaziba tundu lote. Mstaafu mpya alipewa siku tisini ajiunge, yeye na mwenzi wake, bila kuulizwa anaumwa nini. Zikipita, anachunguzwa kuanzia utosini hadi unyayoni, na kila watakachokigundua watakataa kukilipia.

Na Mzee Ratili alikuwa na kitu cha kugundulika: goti la kulia. Mwezi mmoja nyuma alimuaga mkewe kwamba anakwenda ofisi ya pensheni, kumbe anakwenda kwa daktari. Daktari akalikunja goti, likalia kama mlango wa ghala. Akaandika barua: limelika, lipasuliwe mwaka huu, la sivyo mwakani fimbo, na mwaka unaofuata kiti cha magurudumu. Gharama, milioni mbili na nusu. Mzee akaikunja barua mara nane, akaitia ndani ya soksi, akarudi nyumbani akiilaani foleni ya pensheni.

Mtu asidhani ni ubahili. Ni woga mtupu. Mwanamume aliyewahi kuzingirwa na wauza nyama watatu wenye visu asirudi nyuma hata hatua moja, alikuwa anakiogopa kisu kimoja kidogo cha daktari. Tena alikuwa ameshapiga bongo: akichukua kijani, zile laki tano za mfukoni zitakuwa ukuta wa kujifichia. Atasema, "Ningependa sana kupasuliwa, lakini hela iko wapi?" Akichukua bluu, kisingizio kimekufa, azikwe nacho.

Basi siku ya tisini ikafika.

"Mume wangu," mkewe alimwambia wakinywa chai, "leo saa kumi jioni mlango unafungwa. Wakala wa bima anakuja saa nane. Tunachukua ipi?"

"Mama watoto, bima haichaguliwi kwa mdomo. Bima inapimwa."

"Haya, pima. Ila pima na lile goti."

"Goti lipi?"

"Linalokushusha ngazi kinyumenyume."

"Nashuka kinyumenyume ili nizikague vizuri. Ngazi za nyumba hii hazilingani."

Mkewe akamtazama kama anavyomtazama mtoto aliyekula chaki akakana huku ana ndevu nyeupe. Akaenda kufua.

Mzee akaitoa mizani yake, ile ya vitanga viwili aliyopewa siku ya kuagwa kazini. Kanuni ya kwanza ya mkaguzi ni kwamba mizani huwekwa palipo sawa. Akachukua pimamaji, akaiweka juu ya meza: meza imeinamia dirishani. Akajaribu kabati: kabati lina kiburi, limeinua bega moja. Stuli ndiyo usiseme. Mahali pekee ambapo kile kipovu kilitulia katikati palikuwa sakafuni, katikati ya sebule. Basi akaiweka mizani hapo, naye akaketi mbele yake, miguu ameinyoosha. Kukaa hakukumpa shida. Kila kitu duniani kinajua kushuka.

Akaleta maharage, akayachagua yanayolingana, yaliyotobolewa na wadudu akayafukuza kama mwalimu mkuu anavyofukuza waliochelewa. Harage moja, elfu kumi. Kwenye kitanga cha bluu akaweka ada ya mwaka mzima: thelathini na sita. Kwenye kitanga cha kijani, ada ya mwaka: kumi na mbili. Akaongeza tisa, kwa ajili ya kliniki na dawa za presha za mkewe zilizotoka mfukoni mwaka uliopita. Halafu akajiuliza kwa sauti, "Na mimi je?" Akajijibu kwa sauti ya upole, "Wewe mzima, mzee wangu." Hakuweka kitu.

Kitanga cha bluu kikashuka, tap! Cha kijani kikaelea juu.

"Kijani ndiyo nafuu!" akapaza sauti. "Tumeokoa maharage kumi na matano!"

"Umeliweka goti?" sauti ikajibu kutoka uani.

"Goti halikuleta maharage!"

Ndipo alipotaka kusimama. Akaweka mkono chini, akajisukuma. Goti likasema kakaka, likakataa. Akajigeuza upande wa kushoto, likakataa. Akajaribu kupiga magoti, na kwa kuwa magoti ndiyo yenyewe yaliyogoma, hiyo ilikuwa kama kumwomba mgomaji akufungulie geti la kiwanda. Kila mtu anaijua ile methali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali imesahau kusema kwamba maradhi yakiwa gotini, hakuna haja ya kusubiri kifo. Zulia linatosha.

Saa nne ikapita. Saa tano. Mkewe akaja na ufagio.

"Bado unapima?"

"Nahakiki."

Akamfagilia pembeni, akamzunguka kama kochi. Saa saba akamletea chakula.

"Njoo mezani, baba."

"Nitakula hapa. Mkaguzi haachi mizani peke yake, watu wanaweza kuingia."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Akala sakafuni. Mkewe akaondoa sahani, midomo ameikaza sana, kama mtu aliyefungia kicheko mdomoni na ufunguo ukamezwa.

Saa nane kamili wakala wa bima akabisha hodi. Alikuwa mama wa makamo, sketi ya kubana, mkoba mkubwa, na viatu vyenye visigino vya kutanguliza habari. Akamkuta mteja chini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Wakala akaelekea kwenye kiti.

"Hapana, hapa chini," Mzee akamwambia. "Hapa ndipo palipo sawa. Kule juu kila kitu kimepinda."

Katika biashara ya bima mteja hapingwi kabla hajatia sahihi. Wakala akashuka polepole, akakaa kiupandeupande kwa amri ya sketi. Akatoa karatasi mbili na kalamu.

"Tumechagua kijani," Mzee akasema, mkono umeshaifuata kalamu.

Mkewe akatokea mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni. Akapiga makofi matatu.

"Haya watoto wazuri! Kabla ya kuandika, wote tunasimamaaa!"

Wakala akajaribu kutii, sketi ikamrudisha. Mzee hakujaribu.

"Mwalimu," alisema, maana humwita hivyo akibanwa, "usitie mchezo kwenye mambo ya hati."

"Si mchezo. Miaka thelathini na moja umewaumbua watu kwa kidole juu ya mizani. Sasa nakuomba jambo moja. Simama bila kushika kitu. Ukisimama, andika kijani, na mimi nitakupigia makofi."

Mzee akakitazama kitanga cha kijani kilivyokuwa juu, chepesi, kimejaa uongo wake. Uso wake ukawa uso ule ule aliokuwa akiuona kwa wauza sukari. Akashika mkono wa kochi.

"Bila kushika, mpenzi."

Akauachia. Akajisukuma, akainuka kiasi cha kitabu kimoja, akarudi chini kwa kishindo, na vitanga vyote viwili vikacheza.

"Mzani haujakaa sawa," akajitetea.

"Mzani umekaa," mkewe akajibu. "Na wewe umekaa. Tangu saa tatu."

Hapo Mzee Ratili akainama, akavua soksi ya kulia, akatoa barua iliyokunjwa mara nane. Ilikuwa na unyevu, na harufu yake wakala aliipokea kwa ujasiri wa kikazi. Mkewe akaisoma yote. Alipomaliza hakuwa na sauti ya chekechea tena.

"Ulikwenda peke yako?"

"Ndiyo."

"Na ukaogopa peke yako?"

Mzee akaangalia maharage. "Wanasema wanakata hapa, mpaka hapa," akaonyesha kwa kidole.

"Nitakaa nje ya mlango. Nitaimba."

"Afadhali usiimbe."

Mkewe akamgeukia wakala. "Mama, goti la zamani mnalipokea?"

"Leo mpaka saa kumi, hata akija nalo mkononi," wakala akajibu. "Serikali italipa milioni mbili. Inabaki laki tano. Kwenye kijani hizo zote ni zenu, kisha hata wewe, mama, tunaanza kukulipia baada ya hapo. Kwenye bluu ni zetu."

"Laki tano ni maharage hamsini," Mzee akasema mwenyewe, taratibu, kama mtuhumiwa anayejisomea shitaka. Akayatoa yale tisa ya mkewe, maana yalikuwa yamemezwa na laki tano, akahesabu hamsini moja moja, akayaweka juu ya yale kumi na mawili. Hakuna aliyemsaidia, na hakupunguza hata moja. Kitanga cha kijani kikashuka na kugonga zulia: sitini na mawili kwa thelathini na sita.

"Bluu," akasema. Akatia sahihi hapo hapo sakafuni.

Kuwainua ilikuwa kazi nyingine. Mkewe alianza na wakala, kwa kuwa alikuwa mwepesi, kisha wawili hao wakamkamata Mzee makwapani, na mkewe akahesabu, "Mojaaa, mbiliii, tatu!"

Miezi miwili baadaye akapasuliwa. Akaingia akiwa amemshika mkewe mkono, akatoka na goti jipya la chuma, kimya kama bawaba iliyotiwa mafuta. Na hapa ndipo penye maajabu, maana siku ya tatu tu baada ya upasuaji Mzee Ratili aliruka kutoka kitandani, akashuka ngazi za hospitali mbilimbili, akaipita baiskeli, akaipita pikipiki, na daktari akiwa anamfuata nyuma na faili mkononi, akauruka ukuta wa hospitali wenye urefu wa mita—

"Shemeji! Hebu lete hiyo karatasi. Nani aliruka ukuta? Siku ya tatu nilikwenda msalani na magongo mawili, dada yako amenishika suruali. Futa!"