Kiingereza changu kimelifilisi duka la shangazi

Jamani, leo nimelifunga duka la shangazi hapa Kariakoo kwa sentensi moja tu!

Tunauza vitenge. Asubuhi mteja wetu kutoka Zambia, mama mmoja mpole sana aliyefikia hoteli ya jirani, akaniandikia kwenye simu kuuliza kama Ijumaa tunafunga kwa ajili ya swala.

Kila Ijumaa tunafunga, kwa hiyo ni "We close." Mimi kwa mbwembwe zangu nikaandika, "We are closing the shop."

Kumbe nimemwambia biashara imekufa!

Haikupita muda, huyo hapa, na wenzake wawili. Akamkumbatia shangazi kwa nguvu. "Sorry, mama! So sorry!"

Shangazi akanigeukia. "We Zuhura, kafa nani?"

Nikamweleza. Nilijua leo silali kwake.

Shangazi akavitazama vitenge vya zambarau ambavyo vimetudodea tangu mwaka juzi. Mara akashika tama kama mfiwa.

"Waambie, hivi nawaachia kwa bei ya kuagana."

"Shangazi, si uongo huo?"

"Mimi nimesema nafunga? Umesema wewe. Haya, tafsiri!"

Nikashindwa. Nikamwambia yule mama ukweli wote, hadi hiyo bei ya shangazi. Alicheka mpaka akakaa juu ya marobota, halafu akasema vitenge atachukua, ila kwa bei ileile ya kufunga duka.

Shangazi, ambaye siku zote anadai hajui Kiingereza, akaitikia kabla sijatafsiri: "Okei!"

Vya zambarau vimeisha vyote 😂

Nani mwingine Kiingereza kimeshamzushia msiba? Msiniache peke yangu.