Tukifungwa, Jiko Haliwashwi

Nimekosa, ndugu zangu! Jina langu msiniulize, sikilizeni kosa.

Mimi ni mtu wa Tunduma. Shule niliishia darasa la nne, lakini leo malori yangu yanavuka mpaka, na hakuna aliyenishika mkono! Chuo sijasoma, ila nina timu ya mpira ninayoishabikia, ya chuo cha ualimu upande wa Mlowo. Marehemu baba alikuwa mlinzi pale. Aliniachia timu na sheria moja: tukifungwa, jiko haliwashwi mpaka kesho yake.

Nikaileta sheria hiyo kwangu. Mke wangu akilalamika, namwambia njaa ndiyo iliyonifanya mwanaume. Kiburi gani hicho!

Binti yetu yuko darasa la tatu. Siku moja tumefungwa, jirani, shabiki wa chuo kingine, akaja kutucheka. "Tajiri, leo mtashiba harufu ya jiko langu!" Akampa mtoto andazi. Mtoto akalitupa chini.

Nilicheka mpaka machozi. "Mmeona damu yangu? Ana msimamo kuliko ninyi wote!" Nikamnunulia baiskeli.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Juzijuzi tumefungwa fainali ya vyuo. Kesho yake mama yake akapika wali na maharage. Mtoto akasukuma sahani.

"Mpaka tushinde, baba."

Nikadhani utani. Jioni akakataa na uji. Asubuhi iliyofuata akaanguka mlangoni, begi la shule mgongoni!

Hospitalini wakamtundikia dripu. Nikamdanganya mtoto. "Mama, tumeshinda!"

Akanitazama. "Tumecheza na nani? Si wanachuo wako likizo?"

Jana nikaazima jezi ya jirani, nikaivaa, nikala wali mbele yake. Akageukia ukutani. "Umehama, baba? Mimi sihami."

Mke wangu akasema taratibu, "Wewe ndiye uliyemwasha. Haya, mzime."

Jamani, naogopa! Nimelala porini na mzigo wa watu, majambazi wakipita, sikukimbia. Leo kimkono chenye sindano kinanitisha.

Wenye watoto, timu warithisheni mkitaka. Lakini mkifungwa, pikeni! Kaeni nao chini, mle, mcheke, wawaone. Msisubiri kubembeleza kama mimi, ninayeandika haya kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kijiko cha uji, na mwanangu amebana meno.