Mtoto wa Sita wa Willow Fork

Arlys Novotny alikuwa karani wa shule ya Willow Fork kwa miaka ishirini na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akifungua mdomo kwenye kikao cha bodi. Kazi yake ilikuwa kuandika. Wengine wabishane, wapige meza, watoke nje wamenuna. Yeye kalamu inakwenda tu. Hata nyumbani alikuwa vivyo hivyo. Mumewe Leonard alikuwa akisema, ukitaka kujua kama Arlys amekasirika, sikiliza anavyoosha vyombo.

Wilaya yetu ya shule ilikuwa ndiyo shule yenyewe: jengo moja la matofali katikati ya mashamba ya mahindi, watoto tisini na wanne kuanzia chekechea hadi darasa la kumi na mbili, na mabasi mawili, moja likiwa bovu. Kila mwaka majira ya mavuno jimbo lilitoa ripoti. Upande huu wilaya yenu, upande ule jimbo zima: kusoma, hesabu, mahudhurio, waliohitimu. Watu wetu, ambao wengine hawajamaliza kusoma kitabu tangu waoe, ripoti hiyo waliichambua mstari kwa mstari pale kwenye ghala la nafaka, vikombe vya kahawa mkononi. Na mwaka ule walikuwa na sababu. Novemba tungepiga kura kuamua kama shule ifungwe, watoto wapelekwe Kessler, kilomita arobaini.

Ripoti ilipofika, Arlys aliisoma peke yake ofisini. Kusoma, tumelizidi jimbo kidogo. Hesabu, limetuzidi kidogo. Waliohitimu: jimbo themanini na nane kwa mia, Willow Fork themanini na tatu. Chini yake, kwa herufi ndogo: mwanafunzi mmoja ameacha shule.

Akairudia mara tatu. Nani kaacha shule? Darasa la kumi na mbili lilikuwa la watoto sita, watano wakahitimu mwezi wa tano, na hakuna aliyeacha. Ndipo akakumbuka. Shelby.

Shelby Vasek alifariki mwezi wa pili. Pikapu yake iliteleza kwenye barafu pale njia panda ya barabara ya changarawe. Ibada ya mazishi ilifanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule, kwa sababu kanisa lisingetosha watu. Arlys mwenyewe alioka trei nne za keki za plamu. Na siku ya mahafali viti sita viliwekwa mbele, cha sita kikiwa na joho limetandazwa juu yake, na mama yake Shelby akakabidhiwa cheti cha kuhitimu. Sasa niambie, katikati ya yote hayo, nani angekumbuka kuandikia makao makuu ya jimbo? Kila mtu alijua. Hilo ndilo lilikuwa kosa la Arlys: alidhani kila mtu ni kila mtu. Kumbe huko makao makuu kuna kompyuta ilikuwa inasubiri karatasi, na ilipoikosa ikaamua binti katoroka.

Alipiga simu makao makuu. Akapokea kijana mmoja mwenye adabu zake.

"Pole sana, mama. Tunahitaji cheti cha kifo, au tangazo la gazetini. Mwisho Ijumaa saa kumi na moja jioni."

Tangazo halikuwepo. Darla, mama yake Shelby, alikataa kulitoa. Alisema nani Willow Fork asiyejua.

"Nikileta cheti, mtaandikaje?" Arlys aliuliza.

"Hatuandiki kitu. Tunamtoa kwenye hesabu. Darasa lenu linakuwa la watano, wote wamehitimu, mnapata mia kwa mia." Kijana akaongeza, "Hongereni."

Arlys akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Gene Rademacher, mwenyekiti wa bodi, muuza mbegu, alikuja mchana huohuo, na alipoelezwa akachangamka. "Mia kwa mia, Arlys! Hao Kessler wenyewe wana tisini na moja. Kalete hicho cheti, dada."

"Kalete wewe."

Gene akaangalia viatu vyake. "Mimi nitaanzaje kwa Darla?"

"Basi na mimi najiuliza hivyohivyo."

Arlys akaenda Alhamisi. Alimkuta Darla kwenye banda la ng'ombe, amevaa koti la marehemu mumewe, anaosha mitungi ya maziwa. Darla hakumpa nafasi ya kuanza.

"Nimeiona. Kuna mwenye huruma zake kaniletea mpaka hapa. Wameandika mwanangu kaacha shule." Aliusukuma mtungi mmoja pembeni, akavuta mwingine. "Mtoto alikuwa anawahi mtihani wa kemia, Arlys. Nilimwambia ngoja barabara imwagiwe mchanga, isiteleze. Akasema atachelewa."

"Kosa ni langu. Nilitakiwa kupeleka karatasi, sikupeleka."

"Kwa nini?"

"Sikufikiri kuna mtu asiyejua."

Darla akaendelea kusugua mtungi. Ng'ombe walikuwa wanatafuna. Arlys alitamani atukanwe, ingekuwa afadhali.

"Nikikupa cheti, watasemaje?"

"Hawatasema kitu. Watamtoa. Darasa litakuwa la watano."

"Kama vile hakuwahi kuwepo."

"Kwenye hesabu, ndiyo."

"Yaani ama mtoro, ama hakuwepo. Fomu yenu haina nafasi nyingine?"

"Haina. Nimetafuta, Darla. Nimetafuta usiku na mchana."

"Miaka kumi na tatu alikuja kwenu. Tangu chekechea, na kile kibegi kikubwa kuliko yeye." Darla akafuta mikono kwenye koti, akaingia ndani, akarudi na bahasha. "Chukua. Mtoro siwezi kukubali. Ila usiniambie asante."

"Sitakuambia."

Ijumaa Arlys alituma nakala ya cheti, kisha akafungua orodha ya darasa kwenye kompyuta. Mashine ikamwuliza: mwondoe mwanafunzi huyu, ndiyo au hapana? Alikaa pale mpaka kahawa yake ikapoa kabisa. Akabonyeza ndiyo. Majina yakabaki matano, na akalia kama asivyowahi kulia ofisini.

Jumanne jioni kikao cha bodi kilijaa. Darla naye alikuja, akasimama karibu na mlango na viatu vyake vya bandani. Gene akavaa miwani, akasoma ripoti iliyosahihishwa. Kusoma, hesabu, mahudhurio. Halafu akainua sauti.

"Waliohitimu. Jimbo, themanini na nane kwa mia. Willow Fork, mia kwa mia!"

Ukumbi ukapiga makofi. Walikuwemo wanaume waliobeba jeneza la Shelby, na walipiga makofi. Siyo watu wabaya hao. Walikuwa wanaipenda shule yao na wanaogopa kuipoteza. Lakini yalikuwa makofi, na mama wa mtoto alikuwa anayasikia.

Kalamu ya Arlys ilikuwa haijasogea. Akasimama.

"Walikuwa sita," alisema.

Wengi hawakuitambua sauti. Gene akageuka. "Arlys, tunajua, sema tu ripoti inavyo..."

"Nilimtoa mimi, kwa mkono wangu. Jimbo lina fomu yake, sawa. Lakini muhtasari wa kikao hiki ni wetu, na anayeuandika ni mimi, na hicho ulichosoma siandiki. Walikuwa sita, Gene. Soma upya."

Gene aliishika ile karatasi kana kwamba kuna kitu ataona ndani yake, halafu akaiweka mezani. Akavua kofia.

"Darasa letu lilikuwa na watoto sita," alisema polepole. "Watano walihitimu. Shelby Vasek alifariki mwezi wa pili, akiwa njiani kuja shule."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Arlys akakaa, akaandika neno kwa neno kama lilivyosemwa. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza tarehe, kwa ajili ya muhtasari. Gene hakuikumbuka. Wajumbe wakatazamana.

"Tarehe kumi na moja," Darla akajibu kutoka mlangoni. "Saa moja na dakika arobaini asubuhi."

Arlys akaandika.