Kamba ya Shemeji

Tangu msumeno wa kiwanda kule Mafinga uninyang'anye miguu, nakaa chumba cha nyuma nyumbani kwa kaka. Nina kompyuta kuukuu, na waya mrefu unaoiunganisha na ile ya sebuleni yenye printa. Siku hiyo barua yangu ya kumshtaki mwenye kiwanda ilitakiwa mahakamani kabla ya saa tisa, siku ya mwisho. Nikabonyeza kuprinti. Mtandao hakuna.

Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya, nikachomeka. Wapi! Mimi ni wa darasa la saba, lakini najua waya haufi bure. Nikashuka sakafuni, nikajikokota kuufuata. Wiki nzima ukungu ulikuwa haujainuka, nguo hazikauki nje. Kumbe koridoni, unapopita juu kwenye misumari, waya wangu umebebeshwa mablanketi mawili mabichi, mpaka ukachomoka kule sebuleni.

"Shemeji, umeanika kwenye mtandao wangu!"

"Jamani shemeji, si kamba tu hiyo? Kwani unakwenda wapi?"

Barua ilitoka saa tisa na nusu. Bodaboda akairudisha, wamefunga. Watu humlaumu mwenye kiwanda peke yake. Mimi namtaja na mke wa kaka. Jioni ile nilirudi chumbani, naye akayarudisha mablanketi yake palepale.