Mto wa Kwenye Gemu

Mtani wangu hakuwa ananawa mikono. Alikula chipsi mayai kwa vidole vitano, akavifuta kwenye suruali, kisha kwenye mkeka wangu, na mafuta yaliyobaki akayapeleka kwenye pedi ya gemu. Ilifika siku nikawa naishika ile pedi kwa kitambaa, kama mtu anayeokota panya aliyekufa. Mashine ilikuwa yake. Chumba na runinga vilikuwa vyangu, hapa Kibiti, nyuma kidogo ya barabara kuu, kwa hiyo kila Jumapili mchana ilibidi tuvumiliane.

Sote wawili tulipenda magemu ya kuzurura, yale ambayo hupangiwi njia: unashushwa katikati ya nchi nzima na kuachiwa uende utakako. Ila hatukupenda nchi moja. Yeye alipenda lile la mjini, la kupora magari na kukimbizana na polisi. Mimi nilipenda la farasi, lenye misitu na mabwawa, ambalo mtu anaweza kushinda siku nzima akivua samaki na asiulizwe.

"La kwako linachosha," alikuwa akiniambia. "Mtu yuko juu ya farasi nusu saa nzima na hajafika. Si bora nidandie bodaboda nijiendee zangu Ikwiriri?"

"La kwako la wahuni."

"Ndo maana nyie watu wa Delta hamwendelei. Mkiona tope tu, mnaona mmefika nyumbani."

Mtani hachukiwi. Yeye ni Mmatumbi, wazee wake waliteremka kutoka vilimani huko kusini, na mimi Mndengereko. Utani wetu tumeurithi, hatukuuanzisha sisi. Ana ruhusa ya kunicheka hata siku ya kunizika. Lakini gemu lake lilinitia kinyaa, na nilimwambia hivyo bila kumumunya maneno. Alikuwa akimvuta mwanamke nje ya gari, akampitia juu na magurudumu, huku mkono wa pili unatafuta chipsi. Damu niliivumilia. Nilichoshindwa kukivumilia ni kwamba hakuna aliyekuja kuokota maiti. Kwetu sisi maiti ikikosa wa kuizika, dhambi ni ya mji mzima. Kule unazunguka mtaa mmoja, ukirudi hayupo, barabara safi. Siku moja nilimuuliza yule mama kazikwa na nani. Alicheka mpaka akapaliwa.

La kwangu niliamini ni safi. Aliyelichora alikuwa amewahi kuona tope, nilisema, maana mizizi ilikaa kama mizizi na maji yalificha kitu kama maji yanavyoficha. Mlikuwa na mamba pia. Mtani akishaondoka, nilikuwa nakwenda ukingoni mwa ule mto, napiga mamba mmoja baada ya mwingine na kuwachuna, na ngozi zao nikiziacha palepale. Nilikuwa najiambia ni starehe tu. Leo nikikumbuka, naona nilikuwa mchafu kumzidi yeye na chipsi zake.

Mdogo wangu alitoka nyumbani kwetu Salale, huko Delta, asubuhi moja kwenda kutazama nyavu zake za kunasia kamba. Mtumbwi ulikutwa umepinduka kwenye mikoko, na juu ya tope palikuwa na alama ya kitu kilichoburutwa kuingia majini. Waliokwenda kumtafuta walimwona mamba mwenyewe. Mwili haukupatikana, si siku ile, si baadaye. Shehe alisema alama ile na mashahidi vinatosha, asaliwe sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, na hitima isomwe. Mama akakataa.

"Sijaona hata ukucha," alisema. "Msimzike mwanangu kwa mdomo."

Alidai huenda aliokotwa na watu wa kisiwa cha Mafia, huenda yuko Kilwa, kapoteza fahamu. Tulimwomba mimi, shehe na wajomba zangu wote, kwa zamu na kwa pamoja, kwa muda wa miaka miwili. Hakuna aliyethubutu kuanzisha msiba katika nyumba ya mama bila idhini ya mama. Aliyeumia zaidi ni mke wa mdogo wangu, binti mbichi kabisa, ambaye hakuwa na mume wala hakuwa mjane. Kukaa eda ya kufiwa hawezi, kuolewa hawezi, kurudi kwao anaona aibu. Alikuwa pale anachota maji na kusubiri mama mkwe aseme neno.

Na mimi, huku Kibiti, nilimwambia mtani kwamba mdogo wangu alikufa kwa homa. Kwetu ukisema mamba, swali linalofuata ni "mamba wa nani?", maana huaminika katumwa na mchawi, na vidole vinaanza kuelekezwa kwa majirani. Niliogopa swali hilo litanifuata mpaka kazini. Ulikuwa uongo unaonuka, na niliukalia.

Basi mama akaja kupimwa presha. Alivuka kwa boti hadi Nyamisati, akapanda gari, akafikia kwangu. Jumapili ile mtani alikuja kama kawaida, akamwamkia mama vizuri, akavua viatu, akakaa. Mimi nilikuwa uani napuliza mkaa wa chai. Nilimsikia akisema, "Mama ni mtu wa mto, leo tumwekee mto." Alitaka kumfurahisha. Nilichelewa kufika mlangoni.

Nilipoingia, yule mwanamume wa kwenye gemu alikuwa majini hadi kifuani na kofia yake kichwani. Maji yakavurugika. Mamba akamdaka kiunoni, akamzungusha, akazama naye. Mtani akacheka. "Kaliwa huyo, mama."

Kioo cha runinga kikawa cheusi. Kisha mwanamume akaonekana tena, amechutama kando ya moto, mzima.

Mama alikuwa amekaa wima. "Kumbe katoka?"

"Hafi huyu, mama. Subiri nikuoneshe." Akamrudisha mtoni, akaliwa mara ya pili, akaamka mara ya pili.

"Zima," nilisema.

Mtani aligeuka, akaniona uso, na kicheko kikamkauka. Akanyoosha mkono kwenye mashine.

"Usizime," mama akasema. Akanitazama mimi. "Baba, mrudishe palepale."

Nilijua anachokitafuta: mtu aliyeliwa na mamba akarudi mzima. Kama angeondoka na picha ile, tungemaliza miaka mingine miwili, na yule binti angezeekea kwenye ndoo. Nilipaswa kung'oa waya ukutani. Lakini ni mama yangu, na alikuwa ameomba. Nikaichukua pedi, inateleza, na kwa mkono wangu nikamtembeza yule mtu mpaka majini nikamsimamisha asikimbie. Mamba akaja.

Moto ukatokea tena. Mama akainuka, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Alimkagua yule mwanamume kuanzia kofia hadi viatu, taratibu, kama anayekagua mchele kama una mawe.

"Mkavu," alisema.

Akaigusa ile kofia kwenye kioo.

"Hata kofia haijadondosha tone. Huyu hakuwa mtoni, baba. Aliyetoka mtoni anakuja anatiririka, ana tope masikioni, anatetemeka." Akarudi kwenye mkeka, akakaa, akavuta khanga kichwani. "Wangu angekuja hivyo, angekuwa ameshafika."

Mtani alikuwa amekwishaelewa. "Mama, mimi sikujua."

"Ungejuaje? Hukuambiwa." Hakunitazama alipolisema hilo, na nilishukuru. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi dukani, "Mpigie simu mkwe wangu. Mwambie akae eda."

Tulichomwomba kwa msahafu na kwa machozi, alikuja kukitoa mbele ya takataka ile. Nikaitafuta simu. Yule mwanamume alikuwa bado kwenye kioo, anaota moto, mkavu, mzima, anasubiri nimwambie aende wapi. Sijawahi kumchukia mamba kama nilivyomchukia yeye.