Tulichagua redio call nzuri za kuwindia milimani Muleba, tukakosea nani akae juu ya kilima

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Kuna jamaa humu kauliza achukue redio call zipi za kuwindia sehemu yenye milima. Nikaanza kumjibu, nikaona jibu linakuwa refu kuliko swali, nikafungua uzi wangu. Haya yametokea kwetu na mimi nilikuwepo, tena sehemu ya kosa ni yangu.

Mimi ni fundi simu, nipo Miembeni, Bukoba mjini. Nyumbani ni Muleba, kwenye vile vilima vinavyofuatana. Ukishuka bondeni, simu inabaki ya kuangalia saa tu.

Nguruwe pori walikuwa wanatumaliza. Mihogo wanafukua, migomba wanaangusha. Mama alifikia hatua ya kulia shambani, mtu mzima.

Baba yangu (nyumbani tunamwita Tata) akafuatilia kibali cha kuwapunguza. Jirani yetu Mzee Projest ana bunduki yenye leseni. Sisi wengine ni mikuki na mbwa wenye njuga.

Sasa tatizo la bonde ni kwamba mwenye bunduki anatakiwa ajue kila mtu yuko wapi. Zamani tulikuwa tunapiga kelele, nguruwe wanasikia kabla ya Mzee Projest. Nikasema mimi mtu wa vifaa nipo, tutumie redio call.

Seti ya kwanza niliagiza mtandaoni. Boksi limeandikwa kilomita kumi na sita. Nikazijaribu kutoka Kibeta, mtu wangu yupo huku mjini, sauti safi kabisa. Nikajiona injinia.

Kumbe Kibeta unatazama mji kwa chini, hakuna kitu katikati. Kule nyumbani, mtu akizunguka tu upande wa pili wa kilima, kimya. Hazikuweza hata kutoka kwenye kibanja chetu cha migomba kufika kanisani.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza, kilomita za kwenye boksi zisome kama ahadi za uchaguzi. Zijaribu kilima kikiwa katikati yenu.

Seti ya pili nikatuliza akili. Nikachukua VHF, wati tano, antena ndefu, betri inayokaa siku nzima, na ule mlio wa "piip" ukiachia kitufe nikauzima, maana nguruwe ana masikio kuliko mwenye nyumba. Na masuala ya kibali cha masafa ulizia kwanza, usije ukawindwa wewe.

Hata hivyo, mtu wa bonde hili na mtu wa bonde lile bado walikuwa hawasikiani. Dawa yake ni kuweka mtu mmoja juu kabisa anayesikia pande zote, halafu yeye anapokea na kupitisha ujumbe.

Nani akae juu? Tata. Miguu yake haitaki tena mbio, lakini masikio yapo, na kilima anakijua jiwe kwa jiwe. Wote tukasema hapo tumepatia.

Wakuu, hapo ndipo tulipokosea.

Wanaowajua Wahaya wataelewa. Kwetu huwezi kumweleza mzazi jambo lolote kabla hujamsalimia, na salamu siyo neno moja. Ameamkaje, mama ameamkaje, ng'ombe je, kahawa je. Na yeye anakuuliza zako. Ukiruka, umemkosea, na Tata kwa hilo hana msamaha.

Siku yenyewe nilitoka Bukoba asubuhi, nikachelewa. Sikupita nyumbani, nikaenda moja kwa moja kwenye nafasi yangu upande wa mashariki. Maana yake Tata nilikuwa sijamwona siku hiyo. Kwa kweli nilikuwa sijamwona karibu mwezi mzima.

Nikabonyeza kitufe. Nikaanza.

Tata akafurahi kusikia sauti yangu, unajua wazee. Akaniuliza watoto, akaniuliza mke wangu na kile kikohozi chake. Nikamuuliza mgongo. Akanieleza mgongo. Nikamuuliza kahawa ile ya juu imeanza kuiva? Akanieleza mti kwa mti.

Redio call siyo simu. Mmoja akibonyeza, wengine wote wanasikiliza tu. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye niliyewafundisha hivyo jana yake kwa simu.

Bondeni alikuwepo shemeji yangu Deo na mbwa. Deo ni mtu wa Kaagya, kamwoa dada yangu Adventina. Mpole mno. Huyu ni mtu ambaye mpaka leo, Tata akiingia sebuleni, yeye anasimama.

Tulipomaliza salamu, chaneli ikatulia kidogo. Ndipo ikaja sauti ya Deo, ndogo, ya taratibu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, Baba. Poleni na baridi ya huko juu." Akavuta pumzi. "Baba, samahani. Nguruwe amenikata mguu. Damu haitaki kusimama."

Nilitupa mkuki wangu hapohapo.

Tata ndiye aliyetuongoza. Kutoka juu aliwaona mbwa wakizunguka sehemu moja kwenye matete, akawa anatuelekeza: kushoto, shuka, pita kwenye ule mfereji. Mzee Projest akaambiwa atoe risasi kwenye bunduki na aje. Hapo redio zilifanya kazi iliyotakiwa, siwezi kuzisema vibaya.

Tulimkuta amekaa, amejifunga kamba ya mbwa juu ya goti. Uso umekuwa kama majivu. Bado akataka kuinuka anisalimie. Nikamwambia shemeji, kaa chini, tafadhali.

Tulimbeba kwa zamu mpaka barabarani, tukapata pikapu ya mtu wa ndizi. Hospitali walimshona, wakamwongezea damu. Daktari akatuuliza, "Mbona mmechelewa kumleta?" Nikasema ni mlima.

Kesho yake tulipokuwa wawili tu wodini nikamuuliza. Shemeji, ulikatwa saa ngapi?

Akaangalia pembeni. "Ulipokuwa unamuuliza mzee habari za mgongo."

Nikahesabu kichwani. Mgongo, kahawa, mti kwa mti.

"Kwa nini hukukatiza?"

"Ningemkatizaje baba mkwe anaongea na mtoto wake, shemeji? Nikasema ngoja wamalize."

Mnaweza kucheka, hata mimi kuna siku nacheka. Siku ile nililia, nikajifanya naenda kutafuta chai.

Nilimweleza Tata ukweli wote. Akavaa koti lake la kanisani, tukaenda naye hospitali.

Sasa sikilizeni. Baba yangu sijawahi kumwona akiongea na mtu bila salamu. Hata fundi wa choo anamuuliza watoto. Siku hiyo aliingia wodini, akapita wagonjwa wote, akafika kitandani, akashika ule mguu wa Deo kwa mikono miwili na kusema, "Unauma wapi?"

Deo akafungua mdomo amwamkie. Tata akatikisa kichwa. "Wapi?"

Adventina, aliyekuwa anamuuguza mumewe, akageukia ukutani, analia.

Tata akaweka sheria mwenyewe. Kwenye redio unasema jina, mahali, jambo. Basi. Mwenye shida anakatiza yeyote, hata mzazi. Salamu zinasubiri uwanjani nyumbani, tukirudi. Na kweli tukirudi anakaa kwenye kiti chake, tunamsalimia mmoja mmoja, hakuna kinachopunguzwa.

Deo alirudi bondeni mwezi uliopita. Anachechemea kidogo. Tulikuwa wote kwenye nafasi zetu, kimya, mimi kidole kipo mbali kabisa na kitufe. Muda ukapita bila neno kutoka kwake, nikaanza kuhesabu dakika.

Halafu redio ikalia. "Deo. Bondeni, kwenye matete. Niko salama."

Bila shikamoo. Nikamsubiri Tata.

"Asante sana, mwanangu," akasema.

Kwa hiyo mkuu, chukua VHF, wati tano, antena ndefu, jaribu na kilima katikati. Lakini kabla hamjapanda, kaeni chini mkubaliane nani anaruhusiwa kumkatiza nani, na mwambieni yule mpole wenu mara mbili.

Wenye uzoefu wa redio za milimani, na wenye wazee kama wangu, karibuni tuzungumze. Hapa mnaweza kukatiza bila kunisalimia.