Radhi Waliyomwomba Chadia

Mtu wa kwanza kumwomba Chadia radhi alikuwa wifi yake Amisa, na hapo ndipo Chadia alipojua kwamba anakufa. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kwetu Kasongo, katika nyumba zetu za Kiislamu, mgonjwa akikaribia mwisho watu humjia mmoja mmoja wamwombe awasamehe, asiondoke na kinyongo. Desturi hiyo naipenda na sitaki ife. Lakini wazee walionilea walikuwa wanaanza na mgonjwa mwenyewe. Walimketisha, wakamwambia ukweli wa mwili wake, naye akapanga mambo yake: nani achukue shamba, alale kaburi lipi. Siku hizi tumebakiza radhi, ukweli tumeutupa. Tunauita huruma.

Chadia nilimjua vizuri, ua wake na wangu zilitenganishwa na mianzi tu. Alizaliwa Kabambare, mama yake Mubangubangu, kabila la huko, baba yake mfanyabiashara wa hapa Kasongo. Aliolewa na Djamali, naye Djamali akaenda Salamabila kuchimba dhahabu kama wengine wote. Huko akapata homa, mtu fulani akampiga sindano, akafa kabla ya kupambazuka. Chadia alipofika kwa pikipiki, nguo zote matope, aliuliza swali moja: "Mulimupiga sindano gani?" Hapakuwa na mtu aliyejua jina la dawa hiyo. Hata rafiki aliyemshika mkono wakati anachomwa hakujua.

Alirudi Kasongo kwa kaka yake Ayoubu, akaanza kuuza vitumbua vya mchele mbele ya kituo cha afya cha mtaa wetu. Pale akawa anawauliza watu wakitoka: "Amekupa nini? Ya kazi gani?" Wakisema hawajui, aliwarudisha ndani na kuingia nao.

Muuguzi wa kituo alikuwa kijana mgeni, Zéphirin, mtoto wa wakulima Wakristo wa upande wa Nyangwe. Mara ya kwanza alikasirika. Chadia mwenyewe alikuwa na malaria siku hiyo, naye ndiye wa kuchomwa sindano.

"Mama, wewe ulisoma uganga?"

"Sikusoma, Docta. Lakini tako iko yangu. Taja kwanza jina la dawa, kisha utoboe."

Foleni nzima ilicheka, na Zéphirin naye akacheka. Akataja jina. Tangu siku hiyo kila mama aliyelala kifudifudi pale alisema, "Tako iko yangu, Docta," na Zéphirin akawa anaeleza: hii ni ya homa, hii inaweza kukutia kizunguzungu, hii unaweza kuikataa. Watu walitoka mbali kuja kwake kwa sababu hiyo. Wakubwa walipotaka kumhamisha, Chadia alikwenda kwao na wanawake wa soko, wakakaa chini barazani hadi wakaahidiwa kwamba muuguzi wao atabaki. Alimwita mwanangu. Chakula cha mchana kijana huyo alikula kwake.

Kisha Chadia akatokwa na uvimbe kwenye titi. Daktari mmoja kutoka Bukavu, aliyekuwa anapita, alikata kipande kidogo akaenda nacho kikapimwe. Jibu lilirudi kwa Zéphirin: kansa, bado ndogo, aje Bukavu akatwe upesi.

Zéphirin hakumwita Chadia. Alimwita Ayoubu.

Ayoubu alikuwa mwoga siku zote. Alifikiria safari, kisu, dada yake arudi bila titi, watu waseme. "Ukimwambia utamuua kwa hofu," alimwambia muuguzi. "Mimi ndiye mkubwa wake. Mupe vidonge." Zéphirin akakubali. Alikuwa mgeni, na Ayoubu alikuwa na sauti mtaani.

Chadia alipoletewa vidonge aliuliza kama kawaida yake.

"Mwanangu, hii ni ya nini?"

"Ya uvimbe, mama. Itayeyuka."

Akameza. Kama angekuwa mtu mwingine aliyesema hivyo, Chadia angebisha. Aliendelea kumeza hadi mkono ukavimba na kitumbua hakigeuziki tena. Wakati huo habari ilikuwa imezunguka kwenye simu za jamaa wote mpaka Salamabila. Aliyekosa kuambiwa alikuwa mwenye titi.

Ndipo Amisa akaja. Hawakuwa wamesemezana tangu arusi ya binti yake Amisa. Alipiga magoti kando ya mkeka.

"Wifi, nisamehe. Hata kwa ule wali wa arusi uliopika wewe, nilipotangaza umeungua."

Chadia akamtazama. "Kwani haukuungua?"

"Uliungua kidogo," Amisa akasema, na machozi yakamtoka.

"Wewe huombi radhi bure, Amisa. Niitie kaka. Na Zéphirin aje."

Mimi nilikuwepo, kwa kuwa nami nilikuwa nimekuja kumjulia hali bila kujua lolote. Ayoubu alisimama mlangoni. Zéphirin aliingia na mkoba wake wa dawa.

"Docta, nina ugonjwa gani?"

Alimtazama Ayoubu kwanza. Chadia akasema, "Huyo haumwi. Mimi ndiye ninaumwa." Ndipo kijana akasema yote: kansa, Bukavu, daktari alivyosema.

"Nikienda sasa?"

"Imeshaenea, mama."

Ayoubu akaanguka chini akilia, akaomba radhi. Chadia akamgusa kichwa. "Nimekupa, kaka. Wewe sikukuuliza kitu."

Zéphirin naye akapiga magoti. "Na mimi, mama."

"Wewe nilikuuliza," Chadia akasema.

Akageukia ukutani. Zéphirin alikaa pale mpaka magoti yakamuuma, kisha akainuka na mkoba wake.

Chadia alitaka apelekwe Kabambare, alazwe karibu na mama yake. Ayoubu alisema barabara ile itammaliza. "Safari hii nachagua mimi," Chadia akamjibu. Walimfunga kwa kanga mgongoni mwa dereva wa pikipiki, Amisa akapanda nyuma yake kumshikilia. Alifika. Aliona paa la nyumba ya mama yake, akawachagulia mahali pa kuchimba, na siku chache baadaye wakachimba hapo.

Kituo cha afya bado kipo. Zéphirin sasa hangoji kuulizwa. Anataja jina la kila dawa, kazi yake na madhara yake, kwa sauti ya kusikika hadi nje. Wanawake wanasema "ndiyo, Docta", wanafunga vidonge kwenye pindo la kanga, na wakifika barabarani wanavipeleka kwa mtu mwingine awaambie ni vya nini.